Raundi ya Horace Tingle

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa baa, Beryl Hepworth alivuta pampu ya mkono na kumwaga painti mbili za bia, yaani glasi kubwa mbili, kwenye sinki. Ilikuwa bia iliyolala ndani ya bomba usiku kucha, na bia ya namna hiyo humpi mtu unayemheshimu. Kisha alijaza glasi nyingine, akaishika mbele ya dirisha mpaka ikatulia, akaonja, akaenda kuwasha moto. Baa nyingine za Askerby ziliona kumwaga ni hasara, zikampa mteja wa kwanza painti ya kwanza. Mteja alikunja uso, kesho yake akaagiza laga, bia nyepesi ya kiwandani, na ile ya pampu hakuirudia tena maishani mwake. Ndivyo bia ile ilivyopotea mitaani, kwa kubana matumizi.

Askerby ulikuwa mji wa makaa ya mawe, na sasa ulikuwa mji tu. Bia yenyewe watu wa huko waliiita bia hai, kwa sababu ilifika baani ikiwa bado inachacha ndani ya pipa. Ilitaka stoo ya chini yenye baridi ya wastani, ilitaka pipa liachwe litulie bila kuguswa, na pipa likishatobolewa hewa iliingia, na baada ya siku tatu ukawa na siki. Zaidi ya yote ilitaka watu. Zamani zamu moja ya wachimbaji ilipanda kutoka chini na kulikausha pipa zima kabla taa za barabarani hazijawaka. Mgodi ulipofungwa, vijana walihama, wa makamo wakajifungia na makopo ya dukani mbele ya televisheni, na wazee wakafa kwa vumbi lililowajaa mapafuni. Kampuni iliyomiliki jengo la baa ikaleta laga ya gesi, ambayo haihitaji watu, inaweza kukaa mwezi mzima inamsubiri mmoja.

Beryl alikuwa ameomba pipa la bia hai kwa ajili ya Horace Tingle. Horace alichimba makaa tangu ujana wake mpaka siku geti lilipofungwa, na sasa pumzi yake ililia kama filimbi. Daktari alimwambia asiweke mipango ya kiangazi. Horace akaja baani, akakaa kwenye kiti chake karibu na moto, akamweleza Beryl kwamba hana analolitaka isipokuwa moja: anywe bia ya baba yake, hapahapa, mpaka mwisho. Ilipatikana kwenye baa mpya ya kando ya mfereji, mabasi mawili kutoka hapo, lakini yeye hakutaka kufa kwenye basi. Beryl alimpa ahadi bila kufikiri, kama anavyoahidi mtu mwenye moyo na asiye na akiba.

Kampuni ilikubali kwa majaribio. Beryl amalize kila pipa kabla halijaharibika msimu wote wa baridi, ndipo bia itabaki.

Pipa la kwanza liliwashinda. Horace na wazee wenzake wachache walijitahidi, mmoja akaumwa tumbo kwa kujitolea, lakini siku ya tatu stoo ilinuka siki. Beryl alilia kidogo kule chini, akapanda, akatoboa la pili.

Siku ya pili ya pipa hilo, saa nane na nusu mchana, saa ambayo zamani zamu ya asubuhi ilikuwa ikitoka mgodini, mlango ulifunguka akaingia Wilf Cusworth. Wilf alikuwa amezikwa miaka mingi nyuma katika makaburi ya juu kilimani. Nywele zake zilikuwa zimelowa, zimechanwa nyuma, kama za mtu aliyetoka sasa hivi kwenye mabafu ya mgodini, na nyuma yake walikuja wenzake wa zamu, wote na nywele zilizolowa, wakifuta viatu mkekani. Wilf aliitazama pampu kwa muda.

"Inafanya kazi hiyo, bibie, au pambo?"

"Inafanya," Beryl akasema. "Funga mlango, joto linatoka."

Horace hakuinuka. Alimtazama Wilf kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Raundi ni yako. Ulikwenda kufa zamu yako ilipofika."

"Nilijua utalianzisha," Wilf akasema, akaingiza mkono mfukoni.

Hilo ndilo lililowaleta. Askerby ilikuwa na sheria ndogo sana, lakini hii ilishikwa kuliko zote za serikali: wanaokunywa pamoja hununuliana kwa zamu, na mtu haondoki kabla raundi yake haijanunuliwa ikanyweka. Kifo kilikuwa kimewachukua wale wanaume katikati ya raundi, kila mmoja kwa wakati wake, na hakuna aliyekuwa ametulia huko aliko. Walinunuliana mchana kutwa. Walilipa kwa fedha za enzi zao, na benki ya mjini ilizipokea bila kuuliza. Walikunywa kwa adabu, wakaomba ngozi za nguruwe za kukaanga wakazinusa tu, na jioni pipa lilikuwa jepesi. Beryl alisimama mlangoni akawashukuru mmoja mmoja kwa jina. Wao wakasema wa kushukuru ni wao, maana kule juu kuna ukimya mzuri lakini hakuna cha kunywa.

Tangu siku ile walikuja kila siku. Wateja walio hai walilalamika kidogo, si kwa sababu ya umauti, bali kwa sababu zamu ile ilikalia viti vyote vya karibu na moto. Mke wa muuza nyama alikuja kumwuliza marehemu baba yake alikoweka ufunguo wa kibanda, akaambiwa, akaondoka. Pampu haikulala bila kazi, kwa hiyo bia ilikuwa mpya daima, safi, yenye uchungu mwororo wa majani inayopikiwa, na vijana wawili waliokuwa hawajawahi kuionja waliacha laga zao. Horace alikunywa painti moja kwa siku, baadaye nusu. Kila alipomaliza aliiweka glasi chini taratibu na kusema, "Asante, Beryl. Umenirudisha nyumbani." Beryl alijifanya anafuta kaunta, maana maneno hayo yalimwingia sana.

Mwisho wa msimu ulipokaribia alikuja Bwana Fairclough wa kampuni. Alikuwa kijana mpole mwenye koti zuri, na haikuwa rahisi kumchukia, jambo lililozidi kuwaudhi. Alishuka stoo, akagonga mapipa matupu kwa kiganja, akapanda, akaonja. Akaonja tena. Alisema hajanywa bia kama ile katika eneo lake lote. Beryl akamtambulisha kwa zamu ya Wilf, naye akapeana mikono na kila mmoja, akaomba radhi kwamba mikono yake ina baridi.

Kisha akakaa na kueleza. Hakuwa na ubaya wowote na marehemu, alisema. Ni wateja watulivu, hawavunji viti. Tatizo ni kwamba hawali. Kampuni siku hizi inaishi kwa sahani za chakula, bia ni ya kusindikiza tu, na hapa sahani haziuziki hata kwa walio hai. Kiwanda kinatoa mapipa machache. Na bia nzuri namna hii inastahili kupelekwa mahali inapopata bei yake. Mapipa ya Beryl yangeongezwa kwenye baa ya mferejini.

"Nimefanya ulichoniambia," Beryl akasema. "Hakuna pipa lililoharibika tena."

"Umefanya vizuri mno, Mama Hepworth. Ndiyo maana tumejua bia hii ina thamani."

Horace alikusanya pumzi. Ilimchukua muda, na kila mtu alimsubiri.

"Kijana wangu," akasema, "bia hii ilipikwa kwa ajili ya koo lenye vumbi. Hao wa mferejini wamemeza nini?"

Bwana Fairclough alisema anaielewa hoja hiyo, na kwamba yeye binafsi inamgusa. Akamaliza painti yake mpaka chini, akashukuru, akaondoka.

Wilf na wenzake walikwenda mferejini kujionea. Walirudi mapema. Walikuwa wamekuta kwamba meza huagizwa mapema kwa simu, na binti wa mlangoni, msichana mwenye heshima zake, aliwauliza kama wana jina kwenye orodha. Majina yao yalikuwa kwenye bamba la shaba la marehemu kanisani, lakini haikuwa orodha hiyo.

Pipa la mwisho lilikuja siku ya Ijumaa. Horace aliletwa na mpwa wake, amefunikwa blanketi, akaketishwa kwenye kiti chake, na marehemu wakasogea ili moto umfikie. Walikunywa bila haraka. Hakuna aliyehutubia. Jioni Beryl aliinua pipa kwa nyuma, akaliinamisha kidogo kidogo asije akavuruga mashapo, akavuta pampu mpaka ikakohoa hewa. Ilitoka painti moja, angavu mpaka chini.

"Raundi ya nani?" Wilf akauliza.

"Yangu," Horace akasema. "Lakini hiyo si raundi, hiyo ni painti."

Alipiga funda, akampa Wilf glasi. Wilf akapiga lake, akampa aliyefuata. Glasi ikazunguka baa nzima, kwa walio hai na wasio hai bila kubagua, kila mmoja akinywa kidogo sana ili imfikie mwingine, hata ikarudi kaunta na funda moja chini. Walimtazama Beryl. Alikunywa. Alitaka kuwaambia kwamba maishani mwake hajapewa kitu kikubwa zaidi ya kile, na kwa kuwa alitaka, akawaambia. Wanaume wale walitazama viatu vyao, kama kawaida yao wakipendwa hadharani.

Horace alifariki Jumapili, kitandani kwake. Jumatatu mafundi wa kampuni walikuja wakang'oa pampu, wakaacha matundu manne ya skrubu kwenye mbao, na mmoja wao akayafuta vumbi kwa mkono wa shati lake kabla ya kuaga.

Saa nane na nusu mlango ulifunguka. Zamu iliingia, ikafuta viatu, na mbele yao alikuwa Horace Tingle. Alikuwa na upara tangu ujana, kwa hiyo ni kichwa tu kilichokuwa kimelowa, kinang'aa. Alipumua bila filimbi. Akaegemea kaunta, mkono ukapita juu ya yale matundu manne.

"Raundi yangu," akasema.

"Hakuna kitu, Horace. Kuna laga tu."

Horace aligeuka akawatazama wenzake. Wakatikisa vichwa kuikataa laga, kwa upole, wasimkwaze mwenye baa.

"Basi panga glasi," akasema. "Nimeshaagiza. Tutaisubiri."

Beryl alipanga glasi tupu kaunta nzima, moja kwa kila mtu, na Horace akalipa. Kila mmoja alibeba yake, wakaenda kukaa karibu na moto, wakazungumza habari za farasi na mvua. Jioni walirudisha glasi, kila mmoja akisema asante, na Horace akawa wa mwisho.

"Haijanyweka hiyo," akamwambia. "Kwa hiyo kesho tunakuja tena."

"Njooni," Beryl akasema.

Aliziosha glasi zote, ingawa zilikuwa safi, akazipanga mahali ambapo kesho asingehitaji kuzitafuta. Kule mferejini watu walikuwa wakila samaki na kusindikizia na bia ya Horace, na walisema ni nzuri. Beryl hakuwaombea mabaya. Alizima taa, na moyoni alishukuru kwamba raundi ile ilikuwa kubwa na bado haijaletwa.