Chini ya Meza ya Fundi Saa

...haiwezi kuwa imefika mlangoni, skrubu ndogo kuliko punje ya mtama haina miguu, imedunda mara moja kwenye kigae, ameisikia kwa masikio yake, halafu kimya, na sasa fundi saa yuko kwa magoti na viganja chini ya meza yake mwenyewe, makalio yameelekea dukani, lenzi bado imembana jicho la kulia, sumaku mkononi, na huko juu, kwenye stuli ya wateja, ameketi mkewe, ambaye kila Jumamosi huja kufagia duka, na leo amekuja na jibu na bado hajalitoa. Angelitoa alipoingia tu, pengine skrubu isingeruka... "Umeipata?" Bado. "Nilikuwa nasema gesi iliisha jana, nikamalizia kupika kwa jirani," gesi, sawa, mtu amelala miezi mitano kwenye chumba cha nyuma cha duka, kati ya maboksi ya saa mbovu, anasubiri kuambiwa rudi nyumbani au usirudi, naye anaanza na gesi, ndivyo alivyo, hata usiku ule alipomtoa alianza na komeo la dirisha, komeo limelegea, watoto wamelala, na wewe ukitoka sasa usirudi mpaka uwe mtu, akatoka, amelewa chakari, kiatu kimoja mguuni na kingine kwapani. Apapase taratibu, kigae kimoja kimoja, kutoka ukutani kuja nje... zamani skrubu ikiruka hapakaliki humu, zamani ilimponyoka hivi hivi kwenye saa ya mfukoni ya baba mkwe, saa nne asubuhi, mikono ikimcheza kwa sababu hajapata funda la kuzimulia ulevi wa jana, akaikamata saa nzima akaivurumisha barabarani, gari likapita juu yake, na mzee, aliyekuwa ameketi pale pale alipoketi binti yake sasa, alitoka, akaokota kifuniko, akakifuta kwa leso, akaenda zake. Ndiyo maana mtaa ulimpa jina la Majira, asubuhi kiangazi, mchana mafuriko, jioni anakumbatia watu asiowajua na kuwavisha saa za wateja mikononi, fundi viatu wa mlango wa pili alikuwa hakanyagi humu kabla ya kuchungulia dirishani, "Majira yamekaaje leo?" na yeye akijibu kwa kujigamba kwamba damu yake ni moto, ndivyo alivyoumbwa, asiyeweza apite mbali. Kana kwamba ni sifa. Na yule mshauri wa kliniki ya kuacha pombe, mama wa sauti ya taratibu anayenoa penseli huku akikusikiliza, alimwambia wiki ya kwanza, usiseme wewe ni mtu wa namna gani, baba, hujui, ngoja pombe iondoke tuone atabaki nani, na maneno hayo yalimtia hofu kuliko jasho na kutapika, maana vipi kama habaki mtu, vipi kama ucheshi wote ulikuwa wa chupa na ukali wote wa chupa, akibaki yeye ni koti tupu msumarini... "Unanisikia lakini?" Nakusikia, mama watoto. "Mtoto wa kati amekuwa wa tatu darasani kwenye hesabu." Wa tatu! huyo ambaye mwaka jana alikuwa anahesabia vidole vya miguu, wa tatu, na ndipo fundi anagundua kwamba tangu aingie humu chini anapiga mluzi. Dakika ngapi, tano, sita, magoti yanauma, skrubu haipo, jibu halipo, na yeye anapiga mluzi, hajatukana, hajapiga meza teke, na si kwamba amejikaza, hapana, kujikaza anakujua, kujikaza kunaumiza taya, hapa taya limelegea kabisa, kwa hiyo huyu ni nani? Huyu mpole ametoka wapi, alikuwa amekaa wapi miaka yote hii asijitokeze hata siku moja kuwasalimu watu? Anamfurahia kama mtu aliyekutana na ndugu yake kwenye foleni ya posta, karibu bwana, karibu, nisaidie kutafuta skrubu.

Labda imenasa kwa juu, kwenye mbao, skrubu huwa na vituko, basi anageuka chali, nusu mwili ndani nusu nje, anatazama tumbo la meza, na nyuma ya droo, imefungwa kwa tepu nyeusi msalaba mara mbili, nadhifu, kazi ya fundi haswa, kuna chupa. Chupa bapa, ya robo, imebaki zaidi ya nusu. Mate yanajaa mdomoni kabla hajafikiri lolote, koo linafunguka lenyewe, nywele za mikono zinasimama, ule mwili wa zamani kumbe upo, umekaa tu kona unasubiri kuitwa, na kidole, tazama kidole, kimeshafika kwenye ncha ya tepu, kinaikwangua, funda moja tu, umelala chali tayari, wala hutainamisha kichwa... "Na lile komeo nimelibadilisha mwenyewe," anasema mkewe huko juu, sauti yake iko karibu sana, ni ubao tu kati yao. Vizuri, anajibu, na sauti inatoka nyembamba. Chupa saba alizitaja kwa mshauri, zikaandikwa kwenye karatasi, ya kwenye tangi la choo, ya ndani ya buti, ya tumboni mwa ile saa ndefu isiyotembea, saba, akazimwaga moja moja kwenye sinki mbele ya mkewe, akaapa kwa afya ya watoto kwamba hakuna ya nane. Hii ni ya nane. Akiiona leo, amekwisha, atanyanyuka, atachukua mkoba wake, na atakuwa na haki. Basi anyamaze. Asubiri jibu kwanza, jibu likiwa zuri ataitupa jioni, hakuna atakayejua, hakuna aliyeumia, ni busara tu... ah, sauti hiyo anaijua, hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwambia kila siku leo ni ya mwisho, ina adabu, inanong'ona, haijawahi kumwambia jambo jema hata moja. Juu ukutani saa zinaanza kugonga saa nne, moja inatangulia, nyingine zinafuata kila moja kwa wakati wake, hajawahi kuzipatanisha, naye anazisikiliza zote, mshauri alisema usipigane na hamu, ikalie tu karibu mpaka ichoke, na wakati ya mwisho inagonga anatambua kitu ambacho kinamfanya aachie ile tepu. Alikuwa ameisahau. Si kuificha, ameisahau! Yeye, aliyesahau siku ya kuzaliwa kwa kila mtoto, aliyesahau mazishi ya shangazi, aliyesahau nyumba yake iko upande gani wa barabara, lakini chupa hakuwahi kusahau hata moja, angeweza kuamshwa usingizini akakuonyesha zote kwa kidole, miezi mitano amekaa juu ya hii, goti lake limeigusa mara elfu, na kichwani mwake haikuwemo. Palikuwa na nini mahali pake? Saa za watu. Hesabu za mtoto wa kati. Kiazi alichokiunguza akijipikia wiki iliyopita akacheka peke yake. Na kicheko kinaanza tumboni, anakizuia, kinatoka puani, anazidi kukizuia, lenzi inamdondoka jichoni.

"Wewe, unacheka nini huko?" Sasa ni sasa. Anaweza kusema skrubu. "Mama watoto," anasema, "shuka huku chini, nimekuta kitu, na ukishakiona useme utakalo." Stuli inasogea, kisha magoti mawili, kisha mkono unakusanya sketi nzuri ya Jumamosi, na mkewe huyo, anajipenyeza chali kando yake, mabega yanagusana kwa mara ya kwanza tangu komeo lilegee, anatazama juu alipoonyeshwa. "Ah," anasema. "Hiyo." Hiyo? "Niliiona wiki ya pili nilipokuja kufagia. Angalia ubavuni, kuna mstari wa kalamu, mimi ndiye niliyeuchora. Kila Jumamosi nikifagia naipima. Mwanzo nilikuwa naogopa hata kuinama." Anaunyooshea mstari kidole. "Haijashuka hata tone. Nikasema, mwanamume anakaa na kitu hiki magotini kutwa kucha na hakigusi, huyo ana moyo. Ndiyo nimekuja." Na hapo angeweza kunyamaza, Mungu wangu, amepewa taji bure, shujaa wa miezi mitano, angeinamisha macho kidogo tu, angesema haikuwa rahisi, mke wangu, na mlango uko wazi. "Sikuwa najua kama ipo," anasema fundi. "Niliisahau. Kama ningeikumbuka mwezi wa kwanza ningeinywa, nisikudanganye. Hata sasa hivi kidole kilishafika kwenye tepu." Mkewe anaangalia chupa, anaangalia mstari wake, fundi hawezi kujua kama atalia au atachukua mkoba wake, na cha ajabu yeye mwenyewe haogopi, amesema kweli na bado yupo hapa, na aliyebaki ni mtu, si koti, hata akiambiwa usirudi atakuwa ni mtu aliyeambiwa usirudi. "Yaani," anasema mkewe polepole, "Jumamosi zote hizo... nimeamka na hiyo chupa, nimelala na hiyo chupa... kumbe humu dukani mwenye kuiwaza nilikuwa mimi peke yangu?" Naona hivyo. Na anaanza kucheka, mkewe, kicheko kile cha zamani cha kukoroma mwishoni ambacho watoto humwigiza, machozi yanamteremkia masikioni, anampiga mumewe begani kwa ngumi, mara moja, mara mbili, na fundi naye hana mbavu, na mteja anayeingia anaona miguu minne imetokeza chini ya meza, anasema samahani, anatoka. "Tafuta hiyo skrubu yako," anasema mkewe anapopata pumzi, "twende nyumbani." Naye anasema ndiyo, naitafuta, lakini hakuna anayesogea.