Bamba la Sita

Saa mbili asubuhi, tarehe 23 Septemba 1696, bamba la sita, la shaba ya kuchongea picha za kuchapishwa, lilitoboka. Tundu lilikuwa la kupitisha sindano, kwenye nusu ya kulia ya mchoro, juu kidogo ya rafu ya meko, palipokuwa na sura ya mungu mwenye ndevu.

Perrine Houdart aliliinua dirishani, mwanga wa mtaa wa Saint-Jacques ukapenya. Hakushangaa. Bamba lilibeba mitindo miwili ya meko moja, mmoja kila nusu, ili mnunuzi achague. Nusu ya kulia alikuwa ameikwangua mara nne tangu Pasaka, na kila mara aliigonga kwa nyuma ili shaba iliyobonyea iinuke. Shaba si uji, haiongezwi maji. Hilo ndilo alilotegemea: shaba ikiisha, kazi imeisha.

Marehemu mumewe alikuwa amemwahidi kaka yake, Gédéon Taupin, mabamba sita. Hati ilisema mjane asitoke na zana mpaka Taupin atie sahihi chapa ya bamba la sita. Lyon kulikuwa na kazi ya kuchonga kwa jina lake mwenyewe, nafasi ikimngoja hadi sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Gari la farasi la mwisho la kumfikisha kwa wakati lilikuwa la saa tano siku hiyo.

Alimkuta Taupin akichovya mkate kwenye divai.

"Shemeji, limetoboka."

"Nilikwambia umwondoe yule mungu mwenye ndevu. Nilikwambia umpige risasi?"

"Ndevu ulizitaka mwenyewe mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita watu walikuwa na akili. Sasa Paris nzima inataka kioo juu ya meko. Nani atajitazama kwenye ndevu?"

"Nusu ya kushoto ni nzima. Ichapishe hiyo, utie sahihi, niende zangu. Shaba ya kurudia haipo."

Taupin alijifuta vidole, akafungua kabati, akatoa kitu kilichofungwa kwa flana. Vumbi la juu yake lilikuwa zito kiasi cha kuacha alama za vidole vitano. Ndani mlikuwa na bamba jipya.

"Kumbe ulikuwa nalo!"

"Tangu Pasaka, shemeji. Mimi si mtoto." Alimsukumia. "Kulia weka kioo. Kushoto… kushoto tutaona."

Saa tano gari la Lyon liliondoka bila yeye. Saa tano na nusu Perrine alilipasha bamba jipya juu ya makaa, akalipaka nta ya kuchorea mchoro mpya. Nta ilitanda sawasawa mpaka pembeni.