Nyuma ya Mkurugenzi kwa Kilomita Kumi na Nne

Ugonjwa ulianzia ghorofa ya nne, ofisini kwa Mkurugenzi, ukashuka ngazi moja moja hadi ukafika masjala, kule chini kabisa kwenye harufu ya karatasi kuukuu na dawa ya mende. Mkurugenzi alikuwa amerudi kutoka semina ya wiki mbili akiwa amepungua tumbo na kuongezeka maneno. Katika kikao cha Jumatatu, badala ya kudai taarifa za robo mwaka, aliwauliza wakuu wa idara mioyo yao hupiga mara ngapi kwa dakika wanapokuwa wamelala. Hakuna aliyejua. Mhasibu Mkuu, ambaye hajawahi kukosa tarakimu ya kumpa bosi, akasema sabini na mbili nukta tano.

Mwezi haujaisha, waraka ukabandikwa ubaoni. Mkurugenzi angeshiriki mashindano ya michezo mitatu: kuogelea karibu kilomita mbili katika bwawa kubwa la nje ya mji, kuendesha baiskeli kilomita tisini, kisha kukimbia kilomita ishirini na moja, yote siku moja, mfululizo, katika mwezi wa joto kuliko yote. Watumishi wanaopenda walikaribishwa kujiunga. Neno "wanaopenda" lilipigiwa mstari mara mbili.

Mkuu wa masjala aliusoma waraka ule kuliko watu wote, maana ndiye aliyepaswa kuupa namba na kuuhifadhi. Kazini walimwita Jalada, na alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba akiitwa kwa jina la kuzaliwa aligeuka kutazama ni nani anayeitwa. Alikuwa na miaka arobaini na nane, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia mle mle kati ya rafu. Nafasi ya Naibu Mkuu wa Utawala ilikuwa wazi tangu mwaka uliopita. Na mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba wale waliokuwa wakiendesha baiskeli na Mkurugenzi siku za Jumamosi walianza kuitwa kwenye vikao ambavyo zamani hata milango yake hawakuijua.

Jioni ile alimweleza mkewe, muuguzi wa wodi ya wanaume, aliyekuwa anakunja nguo za pacha wao kitandani.

"Daktari alikuambia utembee nusu saa kwa siku," mkewe akasema. "Umetembea?"

"Mama Pacha, hii ni nafasi."

"Unajua kuogelea?"

"Nitajifunza. Mkurugenzi naye ndiyo kwanza anajifunza."

"Mkurugenzi ana bwawa nyumbani kwake. Wewe una ndoo."

Hata hivyo alijifunza. Alijiandikisha kwenye bwawa la chuo cha ualimu, darasa la wanaoanza, akiwa mwanafunzi pekee mwenye mvi. Wenzake walikuwa na miaka saba hadi tisa, na wote walihitimu kabla yake. Alinunua baiskeli iliyotumika, kofia ngumu, na kaptura yenye mto uliomfanya atembee kama bata. Nyumbani alianza kupima chakula kwa mizani ya jikoni. Mama mkwe wake alipokuja kuwatembelea na kumkuta amelala chali sebuleni, miguu juu ukutani, alimvuta binti yake kando na kumuuliza kama kuna jambo analofichwa.

Kisha likatokea jambo ambalo hakulitarajia. Mwezi wa tano wa mazoezi mwili wake ulikubali. Pumzi ikaja, mapaja yakakaza, na asubuhi moja akaogelea urefu wa bwawa mara arobaini bila kushika ukingo. Jalada akagundua, kwa hofu kubwa, kwamba alikuwa na kasi kuliko Mkurugenzi.

Hilo lilikuwa tatizo la kiutawala. Jumamosi, msafara wa baiskeli ulipangwa kwa ngazi za mishahara: Mkurugenzi mbele, naibu wake, Mhasibu Mkuu, na kuendelea hadi Jalada mkiani. Kila walipofika mlimani Mkurugenzi alipunguza mwendo, na hapo hapo wanaume tisa waligundua kwamba breki zao zinahitaji kujaribiwa. Kwa hiyo wiki saba za mwisho Jalada hakufanya mazoezi ya kwenda mbio. Alifanya mazoezi ya kuchelewa kwa ustadi. Alitaka kumaliza dakika mbili nyuma ya bosi, si zaidi, ili aonekane kwenye picha.

Siku yenyewe jua lilichomoza na hasira zake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, king'ora kilipolia, watu walikuwa tayari wanatoka jasho wakiwa wamesimama majini. Mashindano yangefungwa saa tisa alasiri. Atakayefika baada ya hapo angekuta utepe umeshakunjwa. Mkewe Jalada alikuwepo, kwa kuwa hospitali yake iliombwa wauguzi wa hema la huduma ya kwanza.

"Ukiona jasho limekauka, simama," alimwambia mumewe. "Sijali cheo cha mtu."

Majini Jalada alifuata kofia ya rangi ya machungwa ya Mkurugenzi kama mtu anayefuata taa. Alikula mateke mawili ya pua na kuyapokea kwa heshima. Kwenye baiskeli mambo yakawa magumu zaidi. Lami ilikuwa imeanza kung'aa, upepo uliotoka mbele ulikuwa kama wa mdomo wa tanuri, na maji ya chupani yaligeuka kuwa ya kuogea. Msimamizi wa barabara alimsogelea kwa pikipiki.

"Wewe wa nyuma, umemkaribia mno mwenzako. Mpite au urudi nyuma mita kumi."

"Ni bosi wangu," Jalada akasema.

"Sijakuuliza."

Akarudi nyuma mita kumi.

Wenzake walikuwa wanapukutika. Mkuu wa Manunuzi hakutoka majini ila kwa mtumbwi. Naibu Mkurugenzi alipata pancha na, kwa mujibu wa walioona, aliifurahia kama mtu aliyeletewa hati ya likizo. Waliobaki kuanza mbio walikuwa watatu tu: Mkurugenzi, Jalada hatua ishirini nyuma yake, na Mhasibu Mkuu huko nyuma kusikojulikana.

Ilikuwa saa tano na nusu na ushei. Njia ya mbio ilizunguka bwawa, kilomita saba kila mzunguko, mizunguko mitatu, na mti mmoja wa kivuli ambao wanariadha walikuwa wanaugombania kama ofisi yenye kiyoyozi. Mkurugenzi alikimbia kilomita mbili vizuri. Ya tatu alichechemea. Ya nne akaanza kutembea, mikono kiunoni, kichwa juu, kama mtu anayekagua mradi.

Jalada naye akatembea.

Hapo ndipo mateso yake yalipoanza, maana mwili wake ulitaka kwenda. Miguu ilikuwa mizima. Alijimwagia maji kila kituo, akaweka barafu ndani ya kofia, na mapigo ya moyo yalikuwa yametulia. Ila mgongo wa Mkurugenzi ulikuwa pale mbele, mpana, umeandikwa jina la taasisi, na kuupita ule mgongo kulikuwa sawa na kupita mlango bila kubisha hodi. Mkurugenzi aliposimama kufunga kamba za viatu, Jalada alisimama kufunga zake. Mkurugenzi aliposimama tena kufunga kamba zile zile, Jalada aligeuka akatazama mandhari. Vikongwe walimpita. Mwanamke mmoja mwenye mguu wa bandia alimpita, akamuuliza kama anahitaji msaada.

"Hapana, asante," Jalada akasema. "Tuko kazini."

Mzunguko wa pili uliwachukua zaidi ya saa moja na robo. Mkurugenzi alikuwa anatazama nyuma kila baada ya hatua chache, na kila alipotazama alimkuta Jalada, akampungia mkono mdogo wa unyonge, akaendelea. Jalada aliona mkono ule ni onyo. Akapunguza mwendo zaidi.

Walifika mbele ya hema la huduma ya kwanza saa nane kasoro dakika tano. Mke wa Jalada alikuwa amesimama mlangoni na taulo la barafu. Aliutazama uso wa Mkurugenzi mara moja tu. Ulikuwa mkavu, umeiva, na midomo ilikuwa na ukoko mweupe.

"Baba, simama hapo. Leo siku gani?"

"Jumatatu," Mkurugenzi akajibu. "Kikao ni saa tatu."

Ilikuwa Jumapili. Muuguzi alimshika mkono, akamwingiza ndani na kumkalisha kwenye kitanda cha turubai. Mkurugenzi aliinuka tena.

"Siwezi kulala, shemeji. Huyu bado anatembea."

"Huyu nani?"

"Huyu wa masjala. Tangu mzunguko wa kwanza nasubiri anipite ili nami nikae chini. Hanipiti. Nimefunga viatu mara nne. Nitaachaje mashindano mbele ya mtumishi wangu?"

Jalada alisimama mlangoni, barafu ikimtiririkia masikioni. "Mimi nilikuwa nasubiri wewe ukae, Mkurugenzi," akasema polepole. "Nisingeweza kukupita ukiwa unatembea."

Nguzo ya chuma inayoshika chupa ya dripu ilitoa mlio, kwa kuwa mke wa Jalada alikuwa anaivuta.

"Kwa hiyo mmetembezana juani saa mbili nzima, kila mmoja kwa adabu ya mwenzake," akasema. "Halafu mimi ndiyo niwatibu. Baba, lala. Baba Pacha, una nguvu?"

"Ninazo."

"Jasho?"

"Linatoka."

"Basi nenda. Umebakiwa na saa moja na kilomita saba. Usinisimamie mlangoni."

Jalada hakusogea. Alimtazama mtu aliyelala, ambaye sasa alikuwa amefunikwa mataulo hadi kidevuni. "Naomba ruhusa, Mkurugenzi."

Mkurugenzi akafungua jicho moja. "Imeidhinishwa," akasema, na akafunga.

Jalada akaenda.

Mita mia za kwanza alikimbia kama mwizi, akitazama mbele kutafuta mgongo wa kufuata. Haukuwepo. Kulikuwa na barabara tu, nyeupe kwa jua, na maji ya bwawa yamelala bila mkunjo. Alijihisi uchi kidogo. Kisha miguu ikamkumbuka. Viatu vilikuwa vimejaa maji na vilipiga kwa sauti ya kitambaa cha deki, lengelenge lilikuwa limepasuka kwenye kisigino cha kushoto, na hewa iliingia kifuani ikiwa ya moto kama mvuke wa chai. Lakini alikuwa anakwenda kwa mwendo wake mwenyewe, na hakukumbuka mara ya mwisho alipofanya hivyo katika jambo lolote. Alimpita yule mwanamke wa mguu wa bandia, wakapungiana. Aliwapita wanaume wawili waliokuwa wanatapika kwa zamu.

Chini ya ule mti wa kivuli alimkuta Mhasibu Mkuu, aliyekuwa bado kwenye mzunguko wa pili, miguu ndani ya ndoo.

"Mkurugenzi yuko wapi?" Mhasibu akauliza.

"Yuko nyuma."

Mhasibu alimtazama kama mtu aliyesikia kwamba sefu iko wazi. "Umempita?"

"Nimempita."

"Umempita wewe?"

Jalada hakuwa na pumzi ya kurudia. Nyuma yake alisikia maji yakimwagika, Mhasibu akitoa miguu ndooni kwa haraka. Alipogeuka aliona mwenzake anachechemea, ila kurudi nyuma, aliko Mkurugenzi.

Kilomita mbili za mwisho zilimtafuna. Kwenye kilima kidogo, ambacho asubuhi hakukiona kabisa, alianza kuongea peke yake, na alichokuwa anakisema ni namba za majalada, moja baada ya nyingine, kila hatua namba yake. Zilimfikisha. Alivuka mstari saa tisa kasoro dakika tatu, mikono juu, machozi na jasho vimechanganyika asijue kipi ni kipi.

Hakukuwa na mtu wa ofisini. Wote, pamoja na mpiga picha wa taasisi, walikuwa wamejipanga nje ya hema kumpa pole Mkurugenzi. Mtangazaji alisoma jina lake vibaya kwenye kipaza sauti. Dada aliyekuwa anafagia vikombe alimvalisha medali kwa mkono mmoja, ufagio ukiwa kwenye mkono wa pili, akamwambia hongera na amwachie nafasi ya kufagia.

Alikaa chini kwenye lami akacheka hadi mkewe akaja kumpima joto.

Jumanne jarida la ofisi lilitoka na kichwa cha habari kwamba Mkurugenzi ameongoza watumishi katika mashindano magumu. Picha ilimwonyesha akiwa amelala, amezungukwa na wakuu wa idara wenye nyuso za msiba. Jalada alilipa jarida namba na kulihifadhi. Wenzake walikuwa wanampita kwenye ngazi bila salamu, wengine kwa huruma, kama anavyopitwa mtu ambaye barua yake ya kuachishwa kazi inachapwa.

Saa nne aliitwa ghorofa ya nne. Alipanda akishika reli, kisigino kikiwaka moto. Katibu muhtasi aliamriwa asiingize mtu yeyote. Mkurugenzi alikuwa amebanduka ngozi ya pua, na alimwonyesha kiti cha wageni, kile chenye mto.

"Zile kilomita saba," Mkurugenzi akasema kwa sauti ya chini. "Zilikuwaje?"

Jalada alifikiria taarifa ya kutoa. Kisha akaacha kufikiria. "Kile kilima kilikuwa kibaya," akasema.

"Kipi? Baada ya mti?"

"Baada ya mti."

Mkurugenzi akavuta kiti chake karibu. "Anzia hemani," akasema. "Usiruke kitu."

Jalada alimsimulia kwa nusu saa. Mkurugenzi aliuliza kuhusu barafu, kuhusu upepo, kuhusu sauti ya viatu, na masimulizi yalipofika kwenye mstari wa mwisho akakuna pua iliyobanduka, akasema tu, "Vizuri sana," kama mtu anayejisemea mwenyewe. Habari ya nafasi ya Naibu Mkuu wa Utawala haikutajwa na yeyote kati yao.

Nje, wakuu wa idara watatu walikuwa wanasubiri na mafaili vifuani. Walikuwa wamehesabu dakika zote thelathini, na walikuwa wamesikia kicheko mara mbili. Jalada alipotoka akichechemea walimpisha njia hadi ukutani. Mhasibu Mkuu, anayemzidi umri kwa miaka sita, aliinamisha kichwa na kumwamkia shikamoo.

Jalada akaitikia marahaba. Miguu ilikuwa inamuuma mno, na hakuwa na nguvu za kuanza kumsahihisha mtu.