Hamfukii Bado

Mimi nilizaa mtoto, sikuzaa mgomba. Niliwaambia ndugu za mume wangu hivyo wiki nzima, lakini Jumamosi wakaukata tu, wakauvika shati la Festus na kuulaza ndani ya jeneza. Ndiyo desturi yetu hapa Malakisi, mwili usipopatikana. Desturi sikuikataa. Nilichokataa ni kumzika mwanangu bila kuambiwa alikufaje.

Nilichojua ni cha redioni: vijana wetu walikishambulia kisiwa ambako adui alikuwa na kambi. Sasa afisa wa jeshi alikuwa amesimama kando ya kaburi na bendera iliyokunjwa vizuri, akisoma kwamba operesheni ilifanikiwa.

"Kama ilifanikiwa," nikamwuliza, "kisiwa ni chetu?"

Akakohoa. Akasema mambo mengine ni siri.

Hasira zikanipanda. Nikawapita vijana wenye majembe, nikakaa juu ya rundo la udongo na gauni langu la kanisa.

"Hamfukii bado."

Shemeji yangu Makokha akaniinamia. "Mama Festus, si unatuaibisha mbele ya wageni. Tufunike tu, watu wakule."

"Kuleni. Nani amewazuia?"

Hakuna aliyeondoka. Mchungaji alianzisha wimbo, akaumaliza peke yake.

Ndipo askari mmoja kijana akaja mbele akitembelea magongo. Alikuwa Nasir, wa Kibomet kule Kitale, rafiki ambaye Festus alimtaja kila aliponipigia simu. Afisa akamwita kwa ukali. Nasir hakugeuka.

"Mama, tulishindwa," akasema. "Maji ilirudi nyuma, boti zikakwama kwa mchanga. Wale wako kwa mahandaki, wanatupiga tu. Tukaambiwa turudi. Mimi nilikuwa nimepigwa mguu. Festus akanibeba mpaka boti ya mwisho, akanisukuma ndani. Akapigwa hapo hapo, mkono yake bado imeshika shati yangu. Nilimwona akizama."

"Utafutwa kazi," afisa akamwambia.

"Sawa. Nifutwe."

Nililia basi, kwa sauti, mbele ya wote. Uchungu ulinikata, lakini sasa nilijua ninamlilia nani na kwa nini.

Afisa aliponinyooshea bendera, nikamwambia akae nayo. Nikamshika Nasir kiwiko, nikamsogeza hadi ukingoni mwa kaburi, nikamwambia yeye ndiye atakayetupa udongo wa kwanza, mahali pa ndugu wa tumbo moja.

Makokha akafungua mdomo. Nikamwangalia, akaufunga.