Choo cha Mzee Mulei

Ndeti alijua. Asitetewe na mtu, alijua vizuri kabisa.

Alizaliwa Kathonzweni, akalelewa Kathonzweni, na hata baada ya kupelekwa Nairobi kufundishwa namna ya kuuza maendeleo kama sabuni inavyouzwa, hakusahau kwamba kwa Wakamba baba mkwe na mke wa mwanawe hawaingii choo kimoja. Hata kuonana tu mmoja akielekea huko ni aibu. Ndiyo nthoni, ile heshima inayomfanya mzee akohoe kwa mbali kabla ya kukaribia jiko la mke wa mwanawe.

Lakini mwaka huo wa 1986 mradi wa vyoo uliomwajiri ulikuwa umempa pikipiki na fulana zilizoandikwa "Boma lenye choo ni boma lenye heshima", na Ndeti akajiona mtu wa maana. Walimu wake wa Nairobi walimwambia auze fahari, asiuze afya, maana hakuna anayetoa pesa yake kwa kuogopa kuhara. Hapo hawakukosea. Watu waligombania zile slabu za saruji za kufunikia shimo, na kila boma likachimba choo kimoja, mbele kabisa, mahali jirani angekiona. Walimu walisema pia mteja aulizwe kwanza, ila Ndeti akaona atawauliza nini watu wa kwao.

Basi vyoo vikasimama, na watu wakaendelea kwenda vichakani. Vingine vikalaza kuku. Ndeti aliyaona hayo, lakini wakubwa wake akawaambia vinatumika.

Wafadhili wakasema watakuja kujionea. Wakikuta vyoo vitupu mradi ungefungwa, na kazi ya Ndeti ingekwenda na maji. Akawapeleka kwa baba yake, Mzee Mulei, kwa sababu pale alikuwa na uhakika wa chai na maneno mazuri. Akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi za shamba, wakaitwa waje kuimba.

Wakaimba. Mbinya, mke wa Ndeti, akaleta chai. Ndipo mgeni mmoja, mama mpole mwenye kamera shingoni, akauliza kama mzee mwenyewe hukitumia choo hiki. Ndeti akajibu, kila siku. Mama akafurahi, akaomba ampige mzee picha akiingia.

Ndeti angeweza kusema mzee anaumwa goti. Angeweza kusema lolote. Badala yake alimgeukia baba yake na kumwambia kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, "Baba, ingia tu kidogo."

Mzee Mulei alimtazama mwanawe. Goti lilikuwa bovu kweli. Kila alfajiri alijikokota na fimbo hadi korongoni ili asikutane na mke wa mwanawe njiani. Sasa Mbinya alikuwa amesimama palepale na birika, na wengi wa wale waimbaji walikuwa wake za wana wa ndugu zake. Mzee akavua kofia, labda hata mwenyewe hakujua kwa nini, akapita mbele ya macho yote hayo, akafungua mlango wa mabati, akaingia.

Wimbo ulikatika. Mbinya alijifunika uso kwa leso na kugeukia ukuta. Wanawake wengine wakatazama chini. Wageni peke yao ndio waliopiga makofi, na Ndeti, Mungu amsamehe, akapiga nao. Kisha akaisikia mikono yake mwenyewe, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Magari yalipoondoka alimkuta baba yake ameketi nyuma ya ghala, ameligeuzia jiko mgongo. Chai aliyopelekewa ilikuwa imepoa bila kuguswa. Ndeti alikuwa amejiandalia maneno ya kuomba msamaha. Mzee ndiye aliyeanza, bila hasira hata chembe, kama anayeuliza habari za mbuzi aliyepelekwa mnadani.

"Wamenunua?"

Ndeti akainama. "Wamenunua, Baba."

"Haya basi," akasema mzee. "Mwambie mke wako anisamehe. Mimi siwezi tena kupita mbele yake."