Vibarua Arobaini wa Naviundu

Mwaka 1975, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano, Musonda alisimama kwenye foleni ya msaada tangu saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne alipofika dirishani, akaambiwa kwamba yeye si wa kusaidiwa tena.

"Mama, weye uko na kazi," alisema karani Mwape, ambaye kama kila mtu siku hizo aliitwa Citoyen, yaani raia, bila kuinua kichwa. "Tulisha kukutoa mu kitabu ya ba-indigent, bale bamasikini. Acha wenye shida bapite."

"Kazi gani?"

"Kazi yako."

"Citoyen Mwape, miye shina kazi. Tangu bwana yangu alikufa shijapata kazi hata siku moja. Angalia muzuri."

Karani alishusha pumzi kama mtu anayesumbuliwa na nzi. Akaligeuza daftari, akaweka kidole kwenye mstari. "Soma weye mwenyewe, kama unajua kusoma. Musonda wa Chileshe, Kampemba. Mufanyakazi wa briqueterie, kiwanda ya matofali ya Citoyen Kabwe, kule Naviundu, tangu mwezi wa kwanza. Na kidole yako iko hapa."

Musonda alikitazama kile kidole. Kilikuwa kidole gumba kikubwa, cha mwanamume bila shaka, kimegandamizwa kwa wino wa zambarau mbele ya jina lake. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amesoma miaka sita kwa masista, na mwandiko wake ulikuwa ukionyeshwa darasani wengine wauige. Tangu azaliwe hajawahi kutia kidole kwenye karatasi yoyote.

"Hii haiko kidole yangu," alisema. "Miye najua kuandika."

"Mama, pita. Foleni ni murefu."

Wanawake walio nyuma yake walikuwa wameanza kunung'unika, si kwa kumhurumia bali kwa kumlalamikia, kwa maana jua lilikuwa limepanda na wao pia walikuwa na watoto nyumbani. Musonda akatoka dirishani na kapu tupu.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, akafa barabara ya Likasi gari lilipopinduka, akamwachia watoto watatu na nyumba ya vyumba viwili. Ndipo jina lake likaingia kwenye kitabu cha mafukara. Mwezi wa kumi na moja uliopita walitangaziwa habari njema. Serikali ilikuwa imetoa ruzuku ili watu wa msaada wapate kazi na waache kunyoosha mkono. Kituo kimoja kiitwacho Tuinuane kingewafundisha na kuwatafutia kazi, na kila mwajiri atakayewachukua angelipiwa na Serikali mishahara yao kwa mwaka mzima. Wanawake arobaini wa mtaa wa Kampemba waliandikwa. Kwa majuma matatu waliimba nyimbo za Chama, wakacheza, wakashona pindo za vitambaa vya mkononi, wakapigwa picha. Kisha Citoyen Mwape, ambaye ndiye aliyekuwa karani wa Tuinuane vilevile, akawaambia: "Muende nyumbani. Mutaitwa."

Wakangoja. Kumbe walikuwa wameshaitwa, wakaitika, wakaanza kazi na mishahara yao ikaliwa, wakati wao wenyewe wako nyumbani wanatwanga sombe, majani ya muhogo.

Musonda hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Naviundu kwa miguu, kapu mkononi, akiongea peke yake njiani hata watu wakampisha.

Kiwanda cha matofali kilikuwa kando ya mto. Zamani kilikuwa mali ya Mgiriki mmoja. Serikali ilipowanyang'anya wageni biashara zao na kuwapa wananchi, hiki kilimwangukia Citoyen Kabwe, mtu wa Chama, ambaye hakuwahi kushika udongo maishani mwake. Mashine ya kukandia udongo aliiuza mwezi ule ule alipokipata. Sasa majani yalikuwa yamefika kiunoni, na tanuri lilikuwa limepoa muda mrefu hata nyuki wakajenga ndani. Langoni alikaa mzee Faustin, mlinzi. Majina ya Kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku katika karatasi, lakini midomo ya watu ilikuwa haijasikia tangazo hilo.

"Papa, jambo," Musonda alisema. "Banasema miye nafanya kazi hapa."

Mzee alicheka. "Mama, hapa hamuna muntu. Tuko miye na banyoka tu."

"Jina yangu iko mu kitabu."

Faustin akaacha kucheka. Alimwangalia vizuri, kisha akamwonyesha mlango wa ofisi. Pale palikuwa pamebandikwa orodha iliyopigwa mashine, yenye mihuri miwili, ya kuwaonyesha wakaguzi. Musonda akaisoma jina kwa jina. Jirani yake Nkandu alikuwamo. Chola wa nyumba ya tatu alikuwamo. Mutale alikuwamo pia, tena ameandikwa mwezi mzima wa nne hakukosa kazi hata siku moja, naye walikuwa wamemzika wiki mbili baada ya Pasaka.

"Hata mufu," Musonda alisema kwa sauti ndogo. "Banakula hata mufu."

"Miye nilikuwa fundi wa tanuri hapa miaka makumi mbili," Faustin alisema. "Leo nachunga majani. Unataka niseme nini?"

"Usiseme kitu. Kesho saa kumi na mbili unifungulie mulango. Nakuya kazini."

Jioni ile aliwaeleza Nkandu na Chola. Chola, mwanamke wa maneno machache, aliuliza tu kama aje na jembe. Nkandu alisita. "Na wakitufukuza?"

"Batatufukuza namna gani? Sahihi ni yao, muhuri ni wao. Banasema tunafanya kazi. Basi tufanye."

Asubuhi iliyofuata, kwenye baridi kali iletwayo na kiangazi cha huko, wanawake watatu walifyeka majani ya Citoyen Kabwe. Siku ya pili walifukua udongo, wakaukanda kwa miguu mpaka vidole vikafa ganzi. Faustin alikaa kwenye kiti chake langoni, akavumilia kwa muda wa saa mbili. Kisha akainuka akitukana. "Udongo gani huu? Munasonga bukari ya unga ao munatengeneza tofali? Lete maji!" Akatoa kalibu za mbao alizokuwa amezificha zisiuzwe, akawafundisha kujaza, kupiga, kukata kwa waya na kugeuza kwa mkupuo mmoja ili kona zisivunjike. Matofali ya kwanza yalikuwa mapindapinda. Kufikia siku ya nane yalipangika kwenye jua safu baada ya safu, na Musonda, mgongo ukimuuma kama umepigwa rungu, alijikuta ameridhika kwa dakika nzima. Halafu akaikumbuka ile orodha mlangoni, na hasira ikarudi mahali pake. Watoto wake walikula alichowapikia dada yake Musonda, naye dada hakukosa kulalamika.

Siku ya tisa Peugeot nyeupe ilisimama langoni. Citoyen Kabwe akashuka, abakosi yake, lile koti la wakubwa lisilovaliwa tai, imepigwa pasi, beji ya Chama kifuani. Alitazama uwanja uliofyekwa, akatazama safu za matofali, kisha wanawake.

"Nani alibapatia ruhusa ya kuingia hapa?"

"Weye, patron," Musonda alisema, mikono yake imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. "Ulitia sahihi. Siye ndio bafanyakazi bako. Miye ni Musonda wa Chileshe. Ule ni Nkandu, ule ni Chola. Mutale hakukuya leo, juu alikufa."

Macho ya Kabwe yalikwenda mara moja kwenye orodha ya mlangoni. Musonda aliona kabisa jinsi mtu yule alivyopima: akiwafukuza, wataondoka wakipiga kelele, akiwaacha, wako kwenye mali yake. Kisha uso wake ukalainika, na ulaini huo ulimchukiza Musonda kuliko ukali.

"Bamama," alisema, "muko na roho ya mapinduzi. Kazi muzuri. Mukaguzi atatoka Kinshasa siku ya tano, Ijumaa hii. Tutaleta bamama bengine, tujaze uwanja. Akiuliza, museme tu mulianza mwezi wa kwanza. Kila mumoja atapata saki ya unga na kikwembe kipya. Na ruzuku ikiongezwa, tutaona namna ya kubaweka kazini kabisa."

"Na mishahara ya mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa ine?"

"Mama, usiharibu kintu inaanza kuwa muzuri."

Alipoondoka, Nkandu alikaa chini juu ya rundo la udongo. "Musonda, saki muzima ya unga," alisema. "Tangu lini tumeona saki muzima?"

"Ni jasho letu banaturudishia kijiko kimoja, na siye tupige makofi?"

"Watoto wangu hawali jasho! Weye uko na dada ya kukusaidia. Miye niko na nani?"

Musonda akarudi kwenye udongo, akaukanda kwa hasira zaidi. Walimaliza siku kila mmoja kwenye safu yake.

Ijumaa uwanja ulijaa. Kabwe alikuwa ameleta lori la wanawake kutoka sokoni, kila mmoja na kikwembe, kitenge chenye picha za Chama, na ngoma tatu. Mkaguzi alikuwa mtu mnene wa miwani, amechoka na safari, anataka kivuli. Nyuma yake alitembea Citoyen Mwape na daftari lile lile. Wanawake waliimba, wakacheza, mkaguzi akapiga makofi kwa vidole viwili. Halafu akapita kwenye safu za matofali, na kwa kuwa Musonda ndiye aliyejaa udongo kuliko wote, akasimama mbele yake.

"Citoyenne, uko unafanya kazi hapa tangu wakati gani?"

Kabwe alitabasamu. Nkandu, mstari wa mbele, aliangalia miguu yake.

"Siku kumi na moja," Musonda alisema.

Ngoma zilikuwa zimenyamaza, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Mama anataka kusema miezi," Mwape alidakia upesi.

"Miezi kumi na moja iliyopita hata huu mupango ulikuwa haujazaliwa! Nimesema siku. Chola naye siku kumi na moja. Mutale mumemwandika hapa na iko mu kaburi. Hawa wengine bametoka sokoni leo asubuhi, uliza bei ya nyanya utaona kama hawakujibu. Na hii kidole," alinyoosha mkono akalipiga daftari kifuani mwa Mwape, "ni ya nani? Lete kidole yako tupime! Serikali ilitoa franga juu ya bajane, nanyi munakula bajane!"

Mwanamke mmoja wa sokoni alicheka, akashindwa kujizuia. Mwingine akapiga kigelegele. Mkaguzi akavua miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu, na Musonda akangoja. Kweli alingoja. Baadaye alijichukia kwa sababu hiyo, kwamba kwa muda ule mfupi alimwamini.

"Huyu mama ni mugonjwa," mkaguzi alimwambia Kabwe. "Mumupeleke apumzike."

Alipumzishwa siku tatu kwenye chumba cha saruji, pamoja na wachuuzi waliokamatwa bila karatasi. Kosa lake lilikuwa kutukana mapinduzi. Alipotolewa alikuta dada yake anamngoja nje na habari zote. Faustin alifukuzwa siku ile ile. Matofali, yaliyochomwa haraka haraka Musonda akiwa kifungoni, bila kuiva vizuri, yalipakiwa kwenye malori yakaenda kujenga ukuta wa nyumba mpya ya Kabwe. Tuinuane ilipata ruzuku ya mwaka wa pili. Na Nkandu alipata saki yake ya unga.

Musonda hakulia. Alikwenda kwa Nkandu, akasimama mlangoni, akamwambia mbele ya majirani, "Ulinyamaza." Neno moja tu hilo. Kisha akaondoka.

Majuma mawili baadaye Faustin alituma habari kwamba shemeji yake ana shamba Kasungami, na katikati ya shamba kuna kichuguu kikubwa kuliko nyumba, ambacho kinamzuia kulima. Udongo wa mchwa ni mzuri kwa matofali. Mwenye shamba alitaka kiondolewe tu. Musonda na Chola wakaenda na majembe. Tanuri la kwanza lilipasuka upande mmoja, na nusu ya matofali yakatoka meusi kama makaa. Nusu nyingine ilinunuliwa na mwalimu aliyekuwa anajenga choo. La pili lilisimama. Hakuna aliyewapa ruzuku, na hakuna aliyewapiga picha. Kila Musonda alipogonga kalibu juu ya ubao aliigonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, hata Faustin akamwambia, "Mama, hiyo mbao haikukosea kitu."

Mwezi wa kumi, mvua zikikaribia, Nkandu alitokea kwenye njia ya shamba. Alikuwa amekonda. Jina lake nalo lilikuwa limetolewa kwenye kitabu cha msaada, kwa sababu karatasi zilisema ana kazi. Alisimama pembeni, mikono nyuma, akasalimia, "Jambo." Chola akaitikia. Musonda aliendelea kukanda udongo, hakuinua kichwa. Muda ukapita, jua likasogea, na Nkandu hakuondoka.

Hatimaye Musonda akanyoosha mgongo, akachukua kalibu ya tatu, akamtupia miguuni.

"Anza pale," alisema. "Maji iko mu pipa. Na usinisemeshe. Bado shijakusamehe."

Nkandu akainama, akaiokota kalibu, akakunja kikwembe chake mpaka magotini.