Jiwe Lililohamia Sebuleni

Jumamosi asubuhi Kokulinda alianza na vitambaa vya makochi. Vilikuwa vingi kuliko makochi yenyewe: vya mgongoni, vya mikononi, cha redio, cha friji, na kimoja kilichofunika kitambaa kingine ili kisishike vumbi. Marehemu mama yake alivifuma vyote, na tangu avitandike hakuna mtu aliyewahi kuona rangi ya makochi. Yalikuwa ya kijani. Kokulinda aliyatazama kidogo, akavifunga vitambaa kwenye shuka na kuviweka mlangoni viende kwa akina mama wa jumuiya, ambao nao walikuwa na vitambaa vya kutosha.

Dalali Mihayo alisimama katikati ya sebule, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Madam, mteja akiingia anataka ajione yeye," alisema. "Sasa humu anamwona marehemu mzee, anamwona marehemu mama, halafu anawaona Mapapa watatu. Atajiona saa ngapi?"

Mapapa wakashushwa. Baba, Mwalimu Jovinary, akashushwa nao, akiwa na suti yake ya kustaafia. Kwenye ukuta wa manjano yakabaki mapande meupe ya mraba, nadhifu kuliko picha zenyewe.

Kokulinda alikuwa na haraka. Alikuwa amehamishiwa Dodoma kufundisha, na tangu apate uhamisho huo nyayo zake zilikuwa zinamwasha. Alizipaka mafuta ya taa, akazipaka mafuta ya Misri, hazikutulia. Alihamisha kigoda kutoka jikoni hadi koridoni, akakirudisha jikoni, akakitoa tena. Kaka yake Longino, aliyekuwa Dar es Salaam, alimpigia kila jioni kumwambia asiharakishe, kisha akamwuliza mbona anachelewa.

Nyumba ilikuwa Kirumba, jijini Mwanza, juu kwenye mteremko, mahali ambapo kila mwenye nyumba ana jiwe lake na anaishi nalo kama anavyoishi na mkwe. La kwao lilikaa uani, kubwa kama ng'ombe aliyesimama na ndama wake kalala ubavuni. Juu yake Mwalimu aliweka tenki la maji kabla Kokulinda hajaanza shule. Ubavuni, penye mteremko wa kupokea jua, Bibi Kashindye alianika dagaa kutoka soko la Mwaloni, na msimu wa viazi vitamu akaanika michembe, vile vipande vikavu ambavyo Wasukuma huvihifadhi hadi mwezi wa njaa.

Bibi Kashindye aliishi kwenye chumba cha nyuma. Hakuwahi kulipa kodi. Kila Jumamosi alileta bakuli la dagaa kwenye nyumba kubwa, akalipokea bakuli lake tupu, akarudi chumbani. Kokulinda alikulia kwenye dagaa hao. Alijua tu kwamba baba yake alikuwa mtu wa huruma.

Makochi yaliondoka Jumatatu. Jumanne asubuhi jiwe lilikuwa limesogea hatua moja kuelekea mlango wa uani. Tenki lilibaki nyuma, limeinama, likining'inia kwenye bomba lake. Kokulinda alimwita fundi bomba, akaja, akatazama, akasema jiwe likishaanza kutembea tenki lijengewe mnara wa matofali, na kwamba alishamwambia hivyo mzee siku nyingi.

Kabati la vyombo likachukuliwa na jirani. Jiwe likafika mlangoni pa jikoni. Kitanda cha wazazi kikapakiwa kwenye kigari cha Kirikuu kwenda kwa binamu yake wa Buhongwa, na kesho yake Kokulinda alipotoka kuoga alilikuta jiwe sebuleni, mahali lilipokuwa kochi kubwa. Hakuna ukuta uliovunjika. Kwenye kitambaa cha mlangoni kulikuwa na tope jingi, maana lilijifuta kabla ya kuingia.

Mpaka rangi, mtu wa makamo aliyeitwa Ngosha na mtaa mzima, alitandika magazeti kulizunguka na kuendelea na ukuta. Rangi ilikuwa ya maziwa. Mihayo alipokuja alilizunguka mara moja.

"Hotelini wanaweka mawe ya plastiki," alisema. "Hili la kwenu ni halisi. Acha hapohapo."

Bibi Kashindye naye akaja. Alipiga hodi, akavua kandambili, akaingia na ungo wake wa michembe kichwani.

"Shikamoo, bibi," Kokulinda alisema.

"Marahaba, mwanangu. Naona limenitangulia."

"Bibi, wateja wanakuja keshokutwa. Hiyo michembe..."

"Jua la dirishani si baya." Bibi alipanda kwenye kigoda na kuanza kupanga michembe yake mgongoni mwa jiwe, kipande kimoja kimoja, kama anayepanga watoto kwa picha ya shule.

Kokulinda alipanda upande wa pili amsaidie, ili amalize haraka aondoke. Ndipo alipoona mahali lilipokalia tenki. Palikuwa na mashimo, marefu kiasi, laini ndani kama bakuli la mti lililotumika sana.

"Haya ni maji yametoboa?"

Bibi Kashindye aliingiza kiganja kwenye shimo kubwa. Kilienea. "Maji hayana subira hiyo. Hili alilichimba bibi yangu, kwa kusagia ulezi. Lile la mama. Hili dogo nililianza mimi, baba yako akalikalisha tenki."

"Kwani baba alikukuta hapa?"

"Sasa angenikuta wapi, Musoma?" Bibi aligeuza kipande cha kiazi. "Wakati wa kupima viwanja nilikuwa Magu, tumemzika dada yangu. Narudi, nakuta vigingi vimepigwa, na mwalimu kasimama hapa na kalamu. Kiwanja kimeshaandikwa jina lake. Akaniambia, Kashindye usihofu, chumba cha nyuma ni chako mpaka tufe. Mtu mwema. Nikaanza kumletea dagaa."

"Alikuomba?"

"Hakuomba. Ila Jumamosi moja sikuleta, akaja kuniuliza kama naumwa."

Kokulinda alishuka. Nyayo zilimwasha hadi akasimama kwenye sakafu tupu bila viatu, mguu mmoja ukiukuna mwingine.

Hadithi hiyo alikuwa anaifahamu. Baba yake aliisimulia kila Krismasi, kabla ya kula, chakula kikipoa: jinsi babu yao kule Kamachumu alivyoamka asubuhi moja na kuambiwa kwamba kibanja chake, migomba aliyoipanda mwenyewe, sasa ni nyarubanja, mali ya bwana aliyependwa na mtemi, na yeye ni mtu wa kukaa kwa hisani. Tangu siku hiyo babu alimpelekea bwana kibuyu cha rubisi kila pombe hiyo ya ndizi ilipoiva. Siku asipopeleka, mjumbe wa bwana alikuja kumjulia hali. Hapo Mwalimu Jovinary alitoa miwani, akaifuta, akasema hakuna dhuluma kama kumfanya mtu mgeni kwake mwenyewe. Kisha walisali na kula. Mara nyingi palikuwa na dagaa mezani.

Jioni Longino alipopiga, Kokulinda alimweleza yote, pamoja na jiwe.

"Koku, hayo ni mambo ya zamani."

"Kaka, ni nyarubanja."

Upande wa pili ikasikika televisheni ya mtu.

"Nyarubanja ni ya Bukoba," Longino alisema mwishowe. "Hapo ni Mwanza."

"Na bibi aende wapi?"

"Ana ndugu Magu, si umesema mwenyewe? Hilo jiwe limeandikwa kwenye tangazo?"

"Bado."

"Mwambie Mihayo aliandike."

Kesho yake Kokulinda alirudisha kitu kimoja, kwa majaribio. Alichukua kile kigoda akakiweka sebuleni, mbele ya jiwe. Jiwe likarudi nyuma upana wa kiganja. Akaenda kwa jirani kuazima kiti chake mwenyewe alichompa wiki iliyopita. Jiwe likarudi tena, likagusa fremu ya mlango wa jikoni. Bibi Kashindye, aliyekuwa akigeuza michembe, alisogea nalo.

Ilikuwa wazi, basi. Kabati likirudi, kitanda kikirudi, makochi yakivalishwa vitambaa na Mapapa wakipanda ukutani, jiwe lingetoka lenyewe uani na bibi angetoka nalo, na kila Jumamosi kungekuwa na dagaa. Nyumba isingeuzwa. Mtu angebaki kuikalia.

Kokulinda alikaa kwenye kiti cha jirani akijaribu kuona kama anaweza kukaa. Alivuka miguu, akaikunjua. Nje, mawingu ya wadudu wa ziwani yalikuwa yanapanda kutoka majini kama moshi wa jalala. Nyayo ziliwaka moto. Akainuka, akarudisha kiti kwa jirani, akatupa kigoda nje, na jiwe likarudi mahali pake katikati ya sebule bila kinyongo.

Mteja aliitwa Dorcas, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Geita. Aliingia na miwani ya jua, akapita vyumbani akigonga kuta kwa pete. Alipofika sebuleni alivua miwani.

"Jiwe linabaki?"

"Linabaki," Mihayo alisema, kwa sauti ya mtu aliyelibeba mwenyewe.

"Na huyu bibi?"

Bibi Kashindye alikuwa juu ya kigoda alichokiokota nje, anakusanya michembe iliyokauka. Mihayo alimtazama Kokulinda. Dorcas naye akamtazama.

"Ni ndugu yenu?" aliuliza kwa adabu. "Maana kama ni ndugu, tuzungumze. Mimi siwezi kumtoa mzee wa watu."

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Kokulinda aliutazama.

"Ni mpangaji," alisema.

Kipande kimoja cha mchembe kilianguka sakafuni. Bibi Kashindye alishuka, akakiokota, akakipuliza, akakitia kwenye ungo.

Jumamosi iliyofuata alileta dagaa kama kawaida. Ndani hakukuwa na chombo cha kuwamimina, kwa hiyo Kokulinda aliwapokea kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi. Bibi alichukua bakuli lake tupu, akaliweka ndani ya furushi lake la kwenda Magu, na furushi likawa limetimia. Kokulinda alimbebea hadi barabarani.

"Nikija Mwanza nitakutafuta, bibi."

"Utaniona wapi, mwanangu? Mimi sasa ni mtu wa Magu." Alicheka kidogo. "Lile jiwe mlisugue mara mojamoja. Likikaa ndani sana litaota ukungu."

Kokulinda alirudi na kuacha mlango wa uani wazi kutwa nzima, endapo jiwe lingetaka kutoka. Halikutoka. Lilikuwa limehama mara moja, na kwa jiwe mara moja ni nyingi.

Likizo ya Desemba alipita Mwanza akielekea Bukoba. Basi lilikuwa na saa kadhaa za kungoja stendi ya Nyegezi, naye hakuweza kungoja amekaa, akachukua bodaboda hadi Kirumba. Chumba cha nyuma kilikuwa stoo ya saruji. Dorcas alimkaribisha kwa furaha, akamkalisha kwenye kochi jipya lililopinda kulifuata jiwe, akamletea uji wa ulezi kwenye kikombe cha udongo.

"Tangu tuhamie hatujanunua ulezi," Dorcas alisema, akilipapasa jiwe. "Kila asubuhi tunakuta unga humu kwenye mashimo, umeshasagwa. Tunachota tu. Asubuhi moja sikukuta kitu, nikaja nikaligonga hivi, nikaliuliza kama linaumwa."

"Likasemaje?"

"Kesho yake likaleta maradufu. Ni jiwe zuri. Marehemu mzee wako alikuwa na bahati."

Kokulinda alionja. Uji ulikuwa na chenga kidogo, kama wa unga uliosagwa kwa mkono na mtu asiye na haraka. Aliomba sukari. Akanywa wote.

Dorcas aliuliza kama amwongezee. Kokulinda alisema hapana, asante, basi linamsubiri, na nyayo zikimwasha ndani ya viatu vya safari, akanyoosha kikombe aongezewe.